Kamba ya Ushelisheli imefungwa Dar es Salaam

Jirani yangu hapa Dunda, Bagamoyo, ana mtoto wa kiume anayepika katika hoteli moja kisiwani Mahé, Ushelisheli. Kila Ijumaa, Alasiri ikishapita, huja na simu yake barazani kwangu, kwa sababu kwake, anavyosema, mtandao unamkimbia. Mimi nina steshenari ndogo, natoa kopi na kufungua simu zilizoingia maji, basi mtaani nimeshapewa cheo cha mtu wa mitandao bila kukiomba.

Ijumaa moja tukampigia. Kijana akatokea kwenye kioo safi kabisa, hata pazia la bluu nyuma yake unaliona likipeperuka. Bibi akaanza salamu zake ndefu. Hajafika kwa mjomba wa pili, kijana akacheka: "Mama, umeganda. Mdomo wazi hivyo hivyo."

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, hebu nifahamishe. Yeye yuko kisiwani, bahari pande zote. Mimi niko nchi kavu, mnara ule pale nauona kwa macho. Iweje anayeganda niwe mimi?"

Nikamwambia mnara umejaa watu. Si uongo, ila ni jibu la mwenye duka anayetaka kufunga. Swali lilikuwa zuri kuliko jibu, na nimelibeba tangu siku ile, maana ukilifuata linakupitisha chini ya bahari, linakutoa Dar es Salaam, na njiani linakuonyesha jinsi nchi ndogo ya visiwa inavyopata mawasiliano na kwa nini inalala jicho moja wazi.

Tuanze na nchi yenyewe. Sisi wa pwani wengine tunaiita Shelisheli tu, kama lile tunda la mshelisheli linalochomwa au kupikwa kwa nazi. Ina visiwa 115 vilivyotawanyika katika eneo la bahari linalozidi kilomita za mraba milioni moja na robo, lakini ardhi yote ukiikusanya ni kilomita za mraba kama 455. Watu wake ni laki moja na ushee, na wengi mno wanaishi Mahé, ulipo mji mkuu Victoria. Jiji la Tanga peke yake lina watu zaidi ya mara tatu ya hao. Hesabu hiyo iweke kando, tutaihitaji kwenye bei.

Hadi mwaka 2012, kila neno la intaneti lililoingia au kutoka Ushelisheli lilipitia angani. Setilaiti za aina iliyotumika huko hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sawasawa na dunia ili zionekane zimesimama mahali pamoja. Ukiuliza kitu, swali lako linapanda huko juu na kushuka upande wa pili, kisha jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni safari ya kilomita zaidi ya 140,000. Mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza mzunguko huo. Nusu sekunde ni kidogo ukiwa unasubiri barua pepe, lakini kwenye mazungumzo ni balaa: wewe unasema, unadhani mwenzio hakusikia, unarudia, naye ndiyo kwanza anajibu la mwanzo, mnakanyagana. Waliowahi kupiga simu ng'ambo miaka ya zamani wanaujua mchezo huo. Tena nafasi kwenye setilaiti ilikuwa haba, na inakodishwa kwa dola.

Agosti 2012 ukaanza kazi mkongo wa baharini, yaani waya wa mawasiliano unaolazwa chini ya maji, unaoitwa SEAS. Urefu wake ni kama kilomita 1,930. Ncha moja iko Mahé. Ncha ya pili iko Dar es Salaam.

Mimi mwenyewe nilipolijua hilo nilitikisa kichwa. Nchi ambayo kwa kipato cha mtu mmoja mmoja imetuacha mbali, nchi ya watalii wa hoteli ghali na meli za jodari, kamba yake ya kwanza ya kuunganishwa na dunia kwa waya wa kisasa ilikuja kufungwa kwetu. Na ndani ya nyuzi zile mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Mahé hadi Dar ni safari ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kutoka hapa Bagamoyo hadi Makumbusho kwa daladala tunazungumza habari nyingine kabisa.

Mkongo wenyewe, ukiukata, unashangaza kwa udogo. Huko kwenye vilindi unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Katikati kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zimezungushiwa ulinzi wa chuma, kisha shaba, kisha ganda la plastiki. Karibu na ufukwe, ambako kuna nanga na nyavu, huvalishwa deraya ya nyaya za chuma na mara nyingi kufukiwa mchangani. Shaba ile haibebi maneno. Inabeba umeme, kwa sababu mwanga hufifia njiani, na kila baada ya kilomita 60 hadi 100 pamewekwa kifaa cha kuukuza kabla haujazimika. Vifaa hivyo vimelala gizani chini ya maji, na umeme wake unatoka nchi kavu, kwenye vituo vya ufukweni. Watu husema intaneti iko hewani, kumbe sehemu kubwa ya safari yake ni umeme wa nchi kavu unaosukumwa chini ya samaki.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea zamani. Mkongo wa Ushelisheli kufika Dar es Salaam hakumaanishi intaneti iko Dar es Salaam. Dar ni stendi. Fikiria mtu wa Bagamoyo anayekwenda Arusha akipitia Dar: anapanda gari la kwanza hadi mjini, anajikokota hadi kituo cha Magufuli kule Mbezi, ndipo anapanda basi la mkoa. Gari la kwanza likiwa jipya na lenye kiyoyozi, basi la mkoa lisipoondoka, Arusha hafiki. Vivyo hivyo taarifa kutoka Mahé zikishatua Dar hubadilisha chombo. Zinahamia kwenye mikongo mikubwa inayopita pwani yote ya Afrika Mashariki: SEACOM, uliotua Dar mwaka 2009, au EASSy, ulioanza mwaka uliofuata na ambao una urefu wa kama kilomita 10,000 kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Kwa hizo unapanda kaskazini kuelekea Bahari ya Shamu, Misri na Ulaya, au unashuka kusini.

Kwa hiyo mkongo una afya yake na njia ina afya yake. SEAS inaweza kuwa nzima kama kengele, na mtu wa Mahé bado akaona kile kiduara kinazunguka tu, kwa sababu kitu kimekatika mahali ambapo hajawahi kupasikia.

Sisi wenyewe tulionja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Asubuhi ile nilikuwa soko la samaki, pale chini karibu na forodha ya zamani. Mnada ulikuwa umekolea, dalali anapaza sauti juu ya beseni la vibua, na mama mmoja mkaanga samaki alikuwa ametuma picha ya changu kwa mteja wake wa mjini ili amwambie achukue au aache. Picha ikagoma. Akazima data akawasha. Ikagoma. Jirani yake naye simu yake vivyo hivyo, na kabla hatujakaa sawa soko zima lilikuwa limenyanyua simu juu kama watu wanaoomba mvua. Mteja akapiga simu ya kawaida, ikaita, wakaelewana kwa maneno. Kisha akatuma pesa, na pesa ikaingia. Mama akaniangalia: "Sasa mtandao umekata au haujakata?"

Ulikuwa umekata na haukukata. Menyu ya nyota na reli tunayotumia kutuma pesa haihitaji intaneti. Ujumbe wake unapita kwenye njia ile ile ya ndani ambayo mtandao wa simu hutumia kupanga simu za kawaida, kutoka simu yako hadi mnarani, kutoka mnarani hadi mitambo ya kampuni. Hauhitaji kupanda meli. Picha ya changu, ingawa inatoka Bagamoyo kwenda Kinondoni, huenda lazima ikapige hodi kwenye kompyuta za ng'ambo kabla ya kurudi. Siku ile mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika baharini upande wa Durban, na nchi kadhaa za upande huu zikayumba, Tanzania na kisiwa cha Mayotte zikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Hitilafu ilikuwa maelfu ya kilomita kusini kwetu, na vibua vilikuwa hapa hapa miguuni.

Ndiyo maana wataalamu hupigia debe vituo vya kubadilishana taarifa ndani ya nchi, kama kile cha TIX kilichopo Dar es Salaam, ambapo makampuni hukutanisha nyaya zao ili jirani amfikie jirani bila kuvuka bahari. Kisiwani jambo hilo lina uzito zaidi, maana huko kila safari ya nje inakula nafasi kwenye kamba ambayo haina ndugu wengi.

Kukatika kwenyewe si ajabu. Duniani hutokea hitilafu za mikongo kama 150 hadi 200 kila mwaka, na nyingi, asilimia 70 hadi 80, husababishwa na nyavu za kukokota na nanga za meli. Papa aliyeng'ata waya ni hadithi tamu tu. Mafundi wa nchi kavu hurusha mwanga kwenye uzi na kupima muda unaochukua kurudi, wakajua pengo liko kilomita ya ngapi. Kisha meli ya ukarabati huenda. Inayohudumia upande huu wa Afrika kwa miaka mingi, Léon Thévenin, maskani yake ni Cape Town, basi hesabu safari yake hadi maji ya Mahé. Ikifika huteremsha makucha ya chuma hadi sakafu ya bahari, hukokota hadi yanase mkongo, huvuta ncha moja juu, huifunga kwenye boya, huenda kuitafuta ncha ya pili, kisha huunga katikati kipande kipya. Mafundi huunganisha kioo kwa kioo, uzi mmoja mmoja, ndani ya chumba kisicho na vumbi, meli ikiyumba. Hali ya hewa ikichafuka wanasubiri. Kazi ya wiki moja inaweza kuwa ya wiki tatu.

Nchi yenye mikongo mitano inasubiri huku ikikwaruzakwaruza. Nchi yenye mmoja inanyamaza kimya.

Mfano wa kimya hicho ni Tonga, ufalme wa visiwa katika Bahari ya Pasifiki wenye watu kama laki moja, yaani saizi ya Ushelisheli. Mkongo wao wa nje ulikuwa mmoja, kilomita 827 hadi Fiji, ulioanza kazi mwaka 2013. Tarehe 15 Januari 2022 volkeno ya chini ya bahari ya Hunga Tonga ililipuka, tsunami ikapiga, na maporomoko ya chini ya maji yakaukatakata mkongo ule. Ndugu zao walioko New Zealand na Australia walikaa siku kadhaa bila kujua nani yu hai. Simu za setilaiti zikarudisha mawasiliano tone kwa tone. Mkongo wa nje ukarudi baada ya wiki tano hivi, lakini ule wa ndani, unaounganisha kisiwa kikuu na vya Ha'apai na Vava'u, ulichukua zaidi ya mwaka.

Watu wa pwani hii hatuhitaji kufundishwa mbali. Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, kwa sababu umeme wake wote ulikuwa unategemea waya mmoja kutoka bara. Mwaka 2010 Pemba ikapata waya wake wa umeme kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikaongezewa mwingine mkubwa. Waya wa pili unaonekana anasa hadi siku ule wa kwanza unapokatika.

Ushelisheli nao wamelisikia somo hilo. Wameungwa pia na mkongo wa PEACE, unaotoka Pakistan kupitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Ufaransa na wenye tawi la kushuka Afrika Mashariki, ambao kule umeletwa kwa ushirikiano na kampuni ya Intelvision. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba mkongo wa 2Africa, unaoizunguka Afrika nzima, utakuwa na tawi la Ushelisheli, na Komoro pia. Hapo lakini kuna mtego ambao wauzaji hawausemi sana. Mikongo miwili ikipita katika mlango mmoja mwembamba wa bahari, ajali moja inaweza kuitia yote mashakani. Ndiyo maana ukiisoma ramani ya mikongo usihesabu mistari tu, tazama inapokutana. Bahari ya Shamu ni mahali pa kukutana pa kutisha.

Jambo la nani ameshika ncha ya waya ni la zamani, na Bagamoyo iliwahi kuwa ndani yake. Waingereza walishusha waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini mwaka 1879. Wajerumani walipojichukulia upande wetu wa bara, wakaunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na Zanzibar kwa waya wa baharini mwaka 1890. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyeketi hapa mjini akitaka kuongea na Berlin, maneno yake yalipitia kituo cha Waingereza pale Unguja. Jengo la baadaye la kampuni yao ya telegrafu, pale Shangani, leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Miaka mitatu baadaye, 1893, Waingereza haohao wakavuta waya mwingine kutoka Zanzibar hadi Ushelisheli na kuendelea hadi Mauritius. Umeona? Zaidi ya karne moja kabla ya SEAS, kamba ya kwanza ya Ushelisheli nayo ilifungwa pwani hii hii.

Wajerumani walijua udhaifu wao, wakajenga mnara wa redio Dar es Salaam ili wasiwategemee wapinzani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, manowari ya Kiingereza Astraea ikaushambulia kwa mizinga tarehe 8 Agosti 1914. Vita kati yao havikuwa na wiki moja.

Na jambo moja la pembeni ambalo hunichekesha na kunisikitisha: Waingereza waliwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, kisha wakawapeleka uhamishoni Ushelisheli, kwa kuwa ni mbali kuliko mbali. Kisiwa kile kilikuwa tayari na telegrafu kwa miaka kadhaa. Gavana angeweza kupata habari za London siku hiyo hiyo, mfungwa asipate za nyumbani.

Sasa bei. Watu wengi hudhani intaneti ya kisiwani ni ghali kwa sababu ya umbali. Umbali una sehemu yake, lakini adui mkubwa ni ile hesabu tuliyoiweka kando. Kushusha kilomita 1,930 za mkongo kunagharimu kile kile, wakiutumia watu laki moja au milioni sitini. Meli ni ile ile, vikuza mwanga ni vile vile, kituo cha ufukweni kinataka mlinzi, jenereta na mafundi vile vile. Tanzania ikigawana gharama ya namna hiyo, kila mtu anatoa senti. Ushelisheli wakigawana, kila mtu anahisi mfukoni. Ndiyo sababu SEAS haikujengwa na kampuni moja yenye pupa ya faida. Serikali yao iliingia ubia na makampuni mawili ya simu, Cable & Wireless na Airtel, na benki za maendeleo zikakopesha.

 

Ubia huo una busara na una mwiba. Busara ni kwamba soko dogo haliwezi kubeba mikongo mitatu ya washindani watatu. Mwiba ni kwamba wenye mkongo ndio hao hao wanaouza bando. Mshindani mpya akija hana budi kununua nafasi kwa wapinzani wake, sawa na mama lishe anayelazimika kununua mkaa kwa mama lishe wa kibanda cha pili. Mkongo wa PEACE kuingia na mshirika mwingine ulikuwa na maana kubwa kuliko kasi tu: mlango wa pili ulikuwa na mwenye ufunguo tofauti. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza nchi ndogo inapotangaza mkongo mpya. Gigabaiti ngapi ni swali la baadaye. Kwanza, nani mwenye ufunguo.

Na mkongo ukishafika Mahé, nchi bado haijaunganishwa. Praslin na La Digue ziko karibu, nazo zimefikishiwa nyuzi chini ya bahari. Lakini visiwa vya nje ni habari nyingine. Aldabra, maarufu kwa kobe wake wakubwa, iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, karibu zaidi na pwani ya Tanzania kuliko na mji mkuu wake. Wanaokaa huko ni walinzi wa hifadhi na watafiti wachache. Hakuna mwenye akili atakayewavutia mkongo. Kwao setilaiti bado ndiyo mkombozi, na setilaiti mpya zinazoruka chini, kwenye kilomita mia tano na kitu, zimepunguza sana lile tatizo la kukanyagana kwenye mazungumzo. Hata hivyo setilaiti hugawana uwezo wake kati ya wote walio chini yake, ilhali nyuzi za kioo, ukitaka zaidi, unabadilisha mitambo ya kwenye ncha na waya ule ule unabeba mara nyingi zaidi. Kwa kisiwa cha walinzi kumi na kobe laki moja, setilaiti yatosha. Kwa Victoria, yenye benki, bandari na hoteli, setilaiti ni tairi la spea.

Turudi barazani, kwa mdomo uliobaki wazi.

Kijana yuko hotelini Mahé. Hoteli za watalii haziwezi kukosa intaneti, kwa hiyo simu yake inashika Wi-Fi ya humo ndani, kutoka hapo nyuzi hadi kituo cha ufukweni, chini ya bahari, hadi Dar au njia nyingine. Picha yake inafika hadi mnara wetu bila kutoa jasho. Mnara unatangaza kwa nguvu nyingi, na simu ya bibi inapokea tu, kama mtu anayesikiliza adhana. Kwa hiyo anamwona mwanawe hadi pazia.

Picha ya bibi inasafiri kinyume. Simu yake, yenye betri ndogo, lazima ipaze sauti hadi mnarani. Nyumba zetu, yake na yangu, ni za zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, bati juu hadi barazani. Kuta hizo zinakataa joto na zinakataa mawimbi. Na Ijumaa jioni kila mtu wa mtaani anamsalimia mtu wake. Mitambo hupewa nafasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha, kwa kuwa wengi wetu hutazama zaidi kuliko tunavyotuma. Bibi anapotuma sura yake yuko kwenye foleni ya mlango mdogo. Bahari yote ya Hindi haikumshinda. Kilichomshinda ni mita mia nne kutoka kitini kwake hadi mnarani, na alijua fika alipokuja kukaa barazani kwangu, ila hakujua kwa nini.

Nilimweleza hivyo Ijumaa iliyofuata. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ni ukuta." Nikamhamishia kiti upande wa ngazi, pasipo na bati juu, uso kwa uso na mnara. Tukapiga. Ikakubali, safi pande zote mbili, kijana akasema sasa anamwona hadi shanga.

Alikuwa ameshika shelisheli la kuchoma. Wenyeji wa kule wana msemo kwamba mgeni akila shelisheli la kwao, lazima atarudi tena. Akamweleza mama yake, wakacheka.

"Na huku je?" bibi akasema. "Mshelisheli si huu hapa nimekaa chini yake? Ulikula tangu una meno mawili. Unarudi lini?"

Kijana hakujibu. Uso ulitulia kwenye kioo, macho yakitazama kando kidogo.

"Kaganda," bibi akaniambia, akinipa simu. "Hebu itazame, mwanangu."

Nikaitazama. Nyuma yake, pazia la bluu lilikuwa linapeperuka.